Uzi Mweusi wa Rosana Paulino

Mtu akiniomba nimwoneshe kazi moja tu ya sanaa ya Brazil ya zama hizi, nitamwonesha vitambaa sita vyeupe vilivyokazwa kwenye fremu za mviringo za mbao, fremu zile zile ambazo mama na shangazi zetu walizitumia kutarizia foronya na vitambaa vya meza. Katikati ya kila kitambaa kuna sura ya mwanamke mweusi iliyotolewa kwenye picha ya zamani, na juu ya sura hiyo umepitishwa uzi mweusi. Kwa mmoja uzi umeshonwa juu ya mdomo, kwa mwingine juu ya macho, kwa mwingine kooni. Hakuna ua wala jani lililotariziwa hapo. Sindano imeingia na kutoka kwa nguvu, uzi umerundikana juu ya uzi hadi ngozi ya picha imefunikwa, na aliyeshona hakujali hata kidogo kupanga mishono yake ilingane. Kazi hiyo inaitwa Bastidores, yaani Fremu za Kutarizia. Aliitengeneza Rosana Paulino mwaka 1997, akiwa na umri wa takriban miaka 30, na leo imo katika hazina ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la São Paulo.

Nimekuwa nikizifuatilia kazi za mama huyu kwa muda mrefu, na kadiri ninavyozidi kuzitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba watu wengi wanaomsifu wanaanzia mahali pasipo sahihi. Wanaanzia kwenye mada zake: utumwa, ubaguzi wa rangi, mwili wa mwanamke mweusi. Mada hizo ni nzito na anazistahili, lakini wasanii wengi wamezigusa na kazi zao zimesahaulika. Kilichomtofautisha Paulino ni mkono wake. Alitafuta namna ya kufanya kazi ambayo ndani yake kitu kilichokatwa kinaunganishwa, lakini mahali kilipokatwa panaendelea kuonekana, na hakuna mtazamaji anayeweza kujidanganya kwamba kitambaa kile kilikuwa kizima tangu mwanzo. Mshono wake haufichi jeraha, na kila hatua kubwa aliyopiga katika maisha yake ya sanaa imetokana na uamuzi huo mmoja.

Alizaliwa São Paulo mwaka 1967, akakulia Freguesia do Ó, mtaa wa upande wa kaskazini wa jiji hilo, katika familia ya watu wa kufanya kazi kwa mikono yao. Kushona na kutarizi alijifunza nyumbani kwa mama yake, na utotoni alichezea udongo na kuufinyanga. Alipokuwa msichana alivutiwa sana na biolojia, akatamani kuisomea. Ninaitaja hamu hiyo kwa sababu haikufa: imejaa katika michoro yake yote ya baadaye, katika wadudu wanaobadilika umbo, mishipa ya damu, mizizi, mbegu na vijusi tumboni. Hatimaye alisoma sanaa katika Chuo Kikuu cha São Paulo, akabobea katika uchapaji wa picha, akaongeza ujuzi huo London mwaka 1998 katika karakana ya London Print Studio, na mwaka 2011 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika sanaa chuoni hapo hapo São Paulo. Kwa hiyo tunapomzungumzia tunamzungumzia pia mtafiti na mwalimu, mtu ambaye amezama katika hifadhi za nyaraka kama mwanahistoria, kisha akarudi mezani kwake na mkasi na sindano.

Kazi iliyomtambulisha aliianza mwaka 1994, alipokuwa bado mwanafunzi. Inaitwa Parede da Memória, yaani Ukuta wa Kumbukumbu. Alichukua picha 11 kutoka kwenye mkusanyo wa picha za familia yake, picha za kawaida kabisa ambazo kila nyumba inazo: mtu mmoja amesimama studio, watoto wamevalishwa vizuri, wazee wameketi. Akazitoa fotokopi, akazihamishia kwenye vipande vidogo vya kitambaa, akavijaza ndani na kuvishona pembeni kwa uzi wa pamba, kila kimoja kikawa na ukubwa wa kiganja cha mtu. Umbo hilo alilitoa katika patuá, ambayo ni hirizi ya kitambaa wanayoivaa waumini wa dini za Brazil zenye asili ya Afrika kwa ajili ya kinga. Kisha akazirudia picha hizo 11, tena na tena, nyingine akizigusa kwa rangi ya maji, hadi ukuta mzima ukajaa hirizi zipatazo 1,500.

Hesabu hiyo ina maana yake. Paulino mwenyewe amewahi kueleza kwamba mtu mweusi mmoja barabarani unaweza kumpita kana kwamba hayupo, lakini ni vigumu kupita mbele ya jozi 1,500 za macho yanayokutazama bila kuyaona. Ninaafiki, ila naona kuna jambo jingine linalotendeka pale ukutani ambalo halisemwi sana. Ukisogea karibu unagundua kwamba umati ule ni watu wachache tu waliorudiwa, kwa kuwa picha zilizobaki katika familia ni chache. Familia nyingi za watu weusi wa Brazil, ambao mababu zao walifikishwa pwani ile wakiwa bidhaa, haziwezi kufuatilia ukoo wao mbali. Majina ya asili yalifutwa, wazazi na watoto wakauzwa mbalimbali, na mtu wa leo akitafuta babu wa babu yake anafika mahali anakuta kimya. Kwa hiyo picha 11 zinafanya kazi ya watu wote ambao hawana picha. Mama wa familia moja anasimama badala ya maelfu ya mama ambao hakuna aliyeona haja ya kuwapiga picha, au waliopigwa kwa sababu mbaya, kama tutakavyoona.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuiona Brazil kuwa mbali, nchi ya mpira na kahawa tu. Lakini baadhi ya mababu hao walitoka upande wetu wa bara. Mwaka 1815 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuzuia biashara ya watumwa kaskazini mwa Ikweta, na wafanyabiashara wa Rio de Janeiro wakazidi kuelekeza macho yao kusini na mashariki: meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kuchukua watu Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, wengi wao wakiwa wametekwa bara na kuteremshwa pwani kwa miguu. Walishushwa Rio kwenye gati la Valongo, ambalo baadaye lilifukiwa na kusahaulika, likafukuliwa mwaka 2011 wakati wa ukarabati wa eneo la bandari, na mwaka 2017 likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 900,000 walipitia hapo. Brazil nzima ilipokea zaidi ya Waafrika milioni 4, idadi isiyofikiwa na nchi nyingine yoyote ya Amerika, na ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa ya mwisho katika bara hilo. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa miaka 15 kabla.

Turudi kwenye vile vitambaa sita. Brazil kuna mwanamke anayeheshimiwa na waumini wengi kama mtakatifu wa watu, ingawa Kanisa halijamtambua rasmi: Anastácia, mtumwa anayechorwa siku zote akiwa amefungwa kipande cha chuma mdomoni na pingu shingoni. Picha inayotumika kumwonesha inatokana na mchoro wa msafiri Mfaransa, Jacques Arago, aliyezunguka dunia katika karne ya 19 na kuchora adhabu walizopewa watumwa. Kila Mbrazili anayeona mdomo ulioshonwa wa Bastidores anaijua sura hiyo nyingine iliyo nyuma yake. Hata hivyo Paulino hakuchora chuma. Alichukua uzi, kitu cha nyumbani, kitu ambacho msichana anakabidhiwa ili atulie na ajifunze adabu, na akakitumia kuonesha kwamba ukimya wa mwanamke mara nyingi unashonwa ndani ya nyumba, na watu wake mwenyewe, taratibu. Ndiyo maana kazi hiyo imesomwa pia kama kazi inayohusu kipigo na ukatili wa majumbani. Ninavyoiona mimi, hapa ndipo alipokuwa jasiri kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hakumwachia mtazamaji adui wa mbali wa karne iliyopita wa kumlaumu. Fremu ya kutarizia ipo katika nyumba za watu waliohudhuria maonyesho yale.

Kazi nyingine ninayotaka kukaa nayo ni Assentamento, ya mwaka 2013, na ili kuielewa inabidi kwanza tuseme habari za mtu mmoja mwenye hadhi kubwa katika historia ya sayansi. Louis Agassiz alikuwa mtaalamu wa viumbe mzaliwa wa Uswisi, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, na mpinzani mkali wa Darwin. Aliamini kwamba jamii za watu ziliumbwa mbalimbali, kila moja mahali pake, na kwamba kuchanganyika kwao kunaharibu mbegu. Mwaka 1850, huko Carolina ya Kusini, alikuwa ameshaagiza wapigwe picha watumwa kadhaa wakiwa uchi, miongoni mwao mzee aliyeitwa Renty na binti yake Delia. Mwaka 1865 alikwenda Brazil na msafara uliogharamiwa na tajiri Nathaniel Thayer, akapokewa vizuri na Mfalme Pedro wa Pili, na huko pia akataka picha za ushahidi. Mjini Rio kazi hiyo ilifanywa na August Stahl, mpiga picha aliyekuwa na studio ya watu wa hadhi. Waafrika waliletwa mbele ya kamera, wakavuliwa nguo, wakapigwa picha kutoka mbele, ubavuni na mgongoni, kwa mpango ule ule unaotumika kupiga picha mifupa na vielelezo vya wanyama. Picha hizo za Rio ziko hadi leo katika makumbusho ya Peabody ya Harvard.

Nadharia ya Agassiz ilikufa. Picha zikabaki, na kila zinapochapishwa kitabuni, hata kwa nia njema, mwanamke yule anasimama tena uchi mbele ya watu asiowajua. Hilo ni tatizo ambalo kila anayefanya kazi na picha za namna hiyo analo, nasi hapa kwetu tunalo, kwa sababu studio za Zanzibar na Mombasa za mwanzoni mwa karne iliyopita ziliuza postikadi nyingi za wanawake weusi wasiotajwa majina. Je, uzifiche, na hivyo uwafute watu hao mara ya pili? Au uzioneshe, na hivyo urudie kosa la mpiga picha?

Paulino alichagua njia ya tatu. Alimchukua mwanamke mmoja wa picha za Stahl, katika mikao yake mitatu, akamkuza hadi akafikia urefu wa mtu, akamchapa juu ya kitambaa. Kisha akaikata ile picha vipande vipande na kuishona upya kwa mishono mikubwa ya uzi mweusi, lakini akaacha vipande visikae sawasawa. Bega limepanda kidogo kuliko inavyopasa, paja halikutani na goti, uso umeshuka upande mmoja. Ukisimama mbele yake unaona wazi kwamba hesabu haikamiliki. Kwa maelezo yake, watu waliovuka bahari walilazimika kujijenga upya kwa vipande vilivyobaki, na ujenzi wa namna hiyo hauwezi kumrudisha mtu alivyokuwa. Halafu, juu ya mwili ule uliopigwa picha kama kitu, akaongeza vitu ambavyo kamera ya Stahl haikuweza kuviona. Katika picha ya mbele alitia moyo mwekundu kifuani, na mishipa inayotawanyika. Katika picha ya ubavu alitia kijusi tumboni. Na miguuni akatia mizizi inayoingia ardhini.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ni rahisi kupita haraka na kusema kwamba msanii amempa mwanamke yule utu wake. Sidhani kama utu ni wa kupewa, na sidhani kama Paulino anajidai kuwa ndiye mtoaji. Alichofanya ni kutumia lugha ile ile ya Agassiz, lugha ya vitabu vya anatomia na botania, ambayo yeye mwenyewe aliipenda tangu utotoni, na kuilazimisha iseme kweli. Moyo ule haukuchorwa kama kopa la kwenye kadi ya mapenzi. Ni moyo wa daktari, wenye vyumba na mirija. Mizizi ile ni ya mti halisi. Sayansi iliyotumika kuthibitisha kwamba mwanamke yule ni wa daraja la chini inageuzwa kumwonesha jinsi alivyo: kiumbe hai, mama, mtu aliyeotesha mizizi katika nchi ambayo hakuichagua. Jina la kazi linatokana na Candomblé, mojawapo ya dini za Brazil zenye asili ya Afrika, ambako assentamento ni mahali inapowekwa nguvu ya kimungu inayoishikilia nyumba ya ibada. Kwa hiyo mwanamke yule ndiye nguzo iliyoshikilia nyumba iitwayo Brazil.

Pamoja na picha hizo, sakafuni kulikuwa na marundo ya mikono iliyofinyangwa, imepangwa pamoja na magogo kama kuni zinazosubiri kutiwa motoni, na skrini zikionesha mawimbi ya bahari yakija na kurudi. Wapo wanaoliona rundo la mikono kuwa linasema kwa sauti kubwa mno. Mimi sioni hivyo. Uchumi wa sukari, dhahabu na kahawa uliendeshwa kwa kuwachoma watu hao jinsi tanuri linavyokula kuni, na kwa kuwa mashamba yale yaliagiza wengine kila wa kwanza walipokwisha, rundo ndilo umbo sahihi.

Kisa cha Renty na Delia nacho hakikuishia kwenye makabati. Mwaka 2019 Tamara Lanier, anayesema yeye ni wa uzao wa Renty, aliishtaki Harvard akidai picha hizo, na mwaka 2025 pande mbili zikaafikiana, chuo kikakubali kuziachia ziende kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Charleston, katika jimbo lile lile zilikopigwa. Paulino alikuwa ameshaifikia kesi hiyo kwa sindano miaka kadhaa kabla haijafika mahakamani.

Baada ya Assentamento aliendelea kuibana sayansi ya aina hiyo. Mwaka 2016 alitengeneza kitabu cha kisanii alichokiita ¿História Natural?, chenye alama za kuulizia mwanzo na mwisho, ambamo michoro ya mimea na wanyama ya wasafiri wa Ulaya imekaa kurasa moja na mafuvu, meli, vigae vya bluu na nyeupe vya Kireno, na picha za Waafrika waliopimwa miili yao. Humo kuna maneno yaliyotumika kuhalalisha yote hayo: maendeleo ya mataifa, wokovu wa roho, mapenzi ya sayansi. Vigae hivyo vya bluu vinanigusa sana. Ni vizuri kwa macho, vinapamba makanisa na nyumba za Lisbon na Salvador, na watalii wanavinunua kwa mapenzi. Paulino anavishonea kando ya mifupa kwa uzi ule ule, bila kuvichafua, vikabaki vizuri vile vile. Mwaka 2017 kazi zake za mfululizo wa Atlântico Vermelho, Atlantiki Nyekundu, zilioneshwa Lisbon ndani ya Padrão dos Descobrimentos, mnara uliojengwa kando ya mto Tejo kuwatukuza mabaharia wa Ureno. Sidhani kama angepata ukumbi unaofaa zaidi.

Kuna pia kazi zake kuhusu wanawake waliolazimishwa kuwanyonyesha watoto wa mabwana zao. Katika mojawapo, matiti yametundikwa ukutani na utepe wa satini unashuka kutoka kila titi hadi kwenye chupa za kioo chini. Brazil ina picha maarufu ya mwaka 1860, iliyopigwa Recife, ya mtoto wa Kizungu, Artur Gomes Leal, akiwa ameukumbatia mkono wa mnyonyeshaji wake aitwaye Mônica. Wengi wameisifu kuwa ni picha ya upendo. Huenda upendo ulikuwepo. Lakini maziwa yale yalikuwa ya mtoto mwingine, na utepe wa Paulino unauliza alikwenda wapi. Nchi hiyo ilisubiri hadi mwaka 2013 ndipo ikabadilisha katiba kuwapa wafanyakazi wa nyumbani haki zinazokaribiana na za wafanyakazi wengine, na sisi tunaoajiri wasichana wa kazi Dar es Salaam na Nairobi kwa makubaliano ya mdomo tu hatuna haki ya kuitazama habari hiyo kana kwamba ni ya watu wa mbali.

Sifa zilichelewa kumfikia. Mwezi Desemba 2018, karibu robo karne baada ya hirizi zake za kwanza, jumba la sanaa la Pinacoteca la São Paulo lilimfungulia maonyesho makubwa yenye kazi zaidi ya 140, chini ya jina A Costura da Memória, Mshono wa Kumbukumbu, yakisimamiwa na Valéria Piccoli na Pedro Nery. Baada ya hapo milango ilifunguka upesi: maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Biennale ya Venice mwaka 2022, maonyesho katika jumba la Malba mjini Buenos Aires mwaka 2024, na mwaka huo huo tuzo mpya ya jumba la Munch la Oslo, yeye akiwa wa kwanza kuipokea. Kisha akateuliwa, pamoja na Adriana Varejão, kuiwakilisha Brazil katika banda lake la taifa Venice mwaka 2026, msimamizi wao akiwa Diane Lima. Ninafurahi kwa ajili yake, ila siwezi kusahau kwamba Ukuta wa Kumbukumbu ulikuwepo muda wote huo, na macho yake yote yakitazama.

Nimesikia watu, hata baadhi ya wasanii ninaowaheshimu, wakisema kwamba sanaa ya Paulino imefungwa na maumivu, kwamba hana jingine la kusema ila jeraha. Ninaamini wameishia kwenye Bastidores. Mwaka 2003 alitengeneza kazi iitwayo Tecelãs, Wafumaji: vijisanamu vya udongo wa kuchoma vipatavyo 100, nusu mwanamke nusu mdudu, ambao wanatoa uzi miilini mwao wenyewe na kujifumia vifuko kama wafanyavyo viwavi. Uzi wa kufunga midomo umegeuka kuwa uzi wa mtu kujitengenezea makao, na wengine wameshatoka, wameacha vifuko vyao vitupu. Hakuna bwana wala mpiga picha katika kazi hiyo. Kuna wanawake wenye shughuli yao.

Na katika miaka ya karibuni amegeukia mikoko. Katika michoro yake mikubwa ya Mulheres-mangue, Wanawake-Mikoko, miili ya wanawake inapanda kutoka kwenye tope, vidole vyao vinarefuka kuwa mizizi ile iliyopinda ambayo mtu yeyote aliyekulia Tanga, Lamu au Rufiji anaifahamu, matawi yanatoka vichwani, na damu na utomvu vinapita katika mishipa ile ile. Mchoro wa ukutani wenye wanawake wa namna hiyo uliwekwa kando ya bustani ya High Line mjini New York mwishoni mwa mwaka 2024, ukiwa mkubwa kiasi cha kuonekana na wapita njia wa mtaa mzima. Mikoko huota pale ambapo ardhi haijawa ardhi na bahari haijawa bahari, kwenye tope lenye chumvi ambalo lingeua mti mwingine, na humo ndimo samaki na kaa wanamozaliana. Paulino, mtoto aliyetaka kuwa mwanabiolojia, anajua vizuri anachokichora. Wanawake wake wa mikoko hawajashonwa popote. Mistari inakwenda bila kukatika kutoka kwenye uso hadi kwenye mzizi, macho yapo wazi, na midomo, ingawa haisemi, haijafungwa na mtu. Nawaombea wale wanaomwona kuwa msanii wa jeraha pekee wapate nafasi ya kuitazama michoro hiyo kwa muda wa kutosha, kisha warudi kwenye vitambaa sita vya mwaka 1997 na waone kwamba mkono ni ule ule.